Dar hadi Mbeya, lala Iringa

Ndugu Mhariri,

Sikukuu zikikaribia, wenye magari madogo huulizana Dar hadi Mbeya ni saa ngapi, na anayetaja saa chache ndiye huonekana dereva. Hizo ni zaidi ya kilomita 800. Ni bora kuzigawa siku mbili, kulala Iringa, na kuchagua vituo kwa kuangalia gari linachokea wapi.

Ukitoka Dar saa 11 alfajiri, Chalinze unaipita kabla malori hayajajazana, na chai unakunywa Morogoro. Hapo usipime upepo. Tairi zimeshapata moto, na kipimo kitasoma juu kuliko ilivyo kweli. Hupimwa nyumbani zikiwa baridi, na ya akiba usiisahau.

Barabara inaikata Hifadhi ya Mikumi kwa kilomita 50 hivi: mwendo 70 mchana, 50 usiku. Twiga na tembo utawaona bila kushuka. Usirushe ndizi, kwa sababu nyani aliyezoea kulishwa huyakimbilia magari, na ndiye anayegongwa. Faini ya kugonga mnyama mkubwa hufika maelfu ya dola.

Kisha linakuja bonde la mibuyu kandokando ya Ruaha. Picha pigeni hapa, maana mlima Kitonga unaofuata hauna pa kusimama kwa starehe. Kabla ya kupanda zima AC, weka gia ndogo mapema, na uache nafasi nyuma ya lori, kwani likishindwa kona linaweza kurudi nyuma. Mshale wa joto ukipanda, tafuta penye upana, weka pembetatu, fungua boneti. Mfuniko wa rejeta usiguswe hadi ipoe.

Siku ya pili anzeni na Isimila, kilomita 20 hivi kutoka Iringa, upande uleule wa kwenda Mbeya. Kuna shoka za mawe za watu wa kale na nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Nendeni asubuhi, kwa sababu korongoni jua la mchana halina huruma. Anayeendelea hadi Tunduma akione Kimondo cha Mbozi, pande la chuma la urefu wa mita 3 hivi, linalokadiriwa kuwa na tani 16. Shimo la kuangukia halionekani. Lilikuwa limezama ardhini; udongo ulichimbwa pembeni, likaachwa juu ya kitako. Daraja la Mungu la Kiwira, daraja la mawe la asili juu ya mto, ni zuri pia, ila liko njia ya Tukuyu, na kulichanganya na Mbozi siku moja ni kukimbizana bure.

Hatari kubwa iko kwenye kurudi. Kitonga hushukwa kwa gia ile uliyopandia. Gari la otomatiki liwe kwenye L au 2, wala siyo D. Breki ikanyagwe kwa nguvu kisha iachiwe. Ukiukalia mguu muda wote, pedi huungua na mafuta ya breki huchemka, hasa ya zamani yaliyonyonya unyevu. Yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanika, ndipo pedali inazama bila gari kusimama. Ukisikia harufu ya kuungua, simama penye usalama usubiri zipoe. Ukimwagia maji, diski hupinda au kupasuka.

Na vitunguu, jamani. Ilula iko juu ya Kitonga, Ruaha Mbuyuni iko chini. Anayejaza gunia Ilula anashuka mlima na kilo 100 za ziada nyuma. Usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika machoni mwa wanaopanda. Chukueni Ilula nyanya za kula njiani tu. Vitunguu vinunuliwe Mbuyuni, kwenye neti, viwekwe panapopita hewa, maana kwenye buti lililofungwa huanza kuchipua na kuoza mapema.

Msomaji wenu,
Iringa