Barua kwa mwanangu kuhusu 2147483647

Bukavu, Kadutu

Mwanangu mpenzi,

Mwalimu wenu amesema 2147483647 ni nombre premier, nawe unauliza alijuaje. Shika kaye.

Kwa Kiswahili tunaiita namba tasa, yaani isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe. Jina lenyewe silipendi: tasa ni asiyezaa, kumbe hizi ndizo zinazozaa namba nyingine zote. Zinachokosa ni wazazi.

Andika 2 mara 31, zizidishe zote pamoja, kisha toa 1. Utaipata namba yako. Asiyejua njia ataigawa kwa kila namba tasa hadi 46340, maana mraba wa 46341 tayari unaipita. Hizo ni karibu 4,800. Mwanahisabati Leonhard Euler, aliyetangaza jibu mwaka 1772, hakujichosha hivyo. Kigawanyo tasa chochote cha namba hii, ukikigawa kwa 62 (31 mara mbili) lazima kibaki 1. Ukikigawa kwa 8, kibaki 1 au 7. Unganisha masharti hayo: kikigawanywa kwa 248, kibaki 1 au 63. Zinasalia namba 373 tu, ya mwisho ikiwa 46191, na nyingi zinaanguka zenyewe: 63 na 249 zinagawanyika kwa 3, 497 kwa 7, 559 kwa 13, 745 kwa 5. Ya kwanza inayostahili jasho lako ni 311. Inaingia mara 6905092, inabaki 35. Inayoifuata ni 1303: mara 1648107, inabaki 226. Endelea hivyo, hakuna hata moja itakayobaki 0.

Ile mashine ndogo ya hesabu ya sokoni, yenye tarakimu 8, haifai, kwani namba hii ina 10. Ya simu inafaa, ila usisome desimali. Chukua sehemu nzima ya jibu, izidishe kwa kigawanyo, toa, ndipo uone baki.

Wala usiseme inatosha kwa kuwa 31 ni tasa. 11 pia ni tasa, lakini ukiandika 2 mara 11, ukazizidisha zote pamoja na kutoa 1, unapata 2047, ambayo ni 23 × 89. Marin Mersenne, mtawa Mfaransa aliyezichunguza namba za aina hii, mwenyewe alijikwaa hapo: mwaka 1644 aliiweka 67 kwenye orodha yake ya zinazotoa tasa kwa njia hii, na mwaka 1903 mwanahisabati Frank Nelson Cole akaonyesha kwamba namba inayotoka kwa 67 ni 193707721 × 761838257287.

Kwa kompyuta kuna njia fupi zaidi, ya wanahisabati Lucas na Lehmer. Anza na 4. Tafuta mraba, toa 2, gawa kwa namba unayoipima, chukua baki tu. Kwa 31 unarudia mara 29, yaani pungufu kwa 2. Ukiishia 0, ni tasa. Jizoeze kwanza na 2 tano zilizozidishwa pamoja, toa 1, yaani 31 yenyewe: 4, 14, 8, 0.

Programu ikikupa upuuzi, tazama nafasi uliyoipa namba. Mraba unaweza kufika tarakimu 19, na nafasi ya biti 32 (tarakimu za 0 au 1) yenye alama ya + au − inaishia kwenye 2147483647 hiyohiyo. Ongeza 1, inageuka −2147483648. Saa za kompyuta zinazohesabu sekunde tangu 1970 kwa nafasi hiyo zitajaa tarehe 19 Januari 2038, kwetu Bukavu saa kumi na moja na dakika 14 alfajiri. Wewe tumia biti 64.

Mama yako