Mabega yako yako wapi?

Mwanangu,

Juzi kwenye simu ulisema uko muzuri, lakini nilisikia pumzi yako inaishia kifuani. Halafu likakuponyoka neno: kwamba pikipiki ikipasua mlio chini ya dirisha lako huko Bukavu, unajikuta umesimama mlangoni, viatu mkononi. Mama, miguu yako haijasahau Goma.

Ile Jumamosi ya tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ilipolipuka, ulikuwa na miaka 14. Hata lava iliposimama kabla ya kufika uwanja wa ndege, ardhi iliendelea kutetemeka siku baada ya siku, mpaka asubuhi ya tarehe 27 tulipoambiwa tuhame. Tukashika njia ya Sake, godoro juu ya chukudu, kile kigari cha mbao, wewe ukisukuma nyuma.

Kwa muda mrefu nilidhani kunyamaza ndiyo dawa. Siku moja, nikiponda sombe, nikagundua mabega yamepanda karibu na masikio na meno nimeyakaza, wala hakuna aliyekuwa ananifukuza. Mwili ulikuwa bado uko njiani kwenda Sake.

Kina mama wa hapa Majengo ndio walionifunza haya. Vua viatu, usimame. Sikiliza uzito wako umeegemea wapi: visigino au vidole? Yumba polepole mpaka upate katikati. Kisha weka vidole viwili kwenye mshipa wa mkono, vuta pumzi, uitoe taratibu kama anayepooza uji. Utasikia mwenyewe: pumzi ikiingia, mapigo yanakimbia kidogo, ikitoka, yanapungua. Ndiyo maana tunairefusha ile ya kutoka. Shangazi yako aliniuliza kama nimeacha kanisa. Sikuacha. Haya si dini, ni mwili tu: kuna neva inayoshuka kutoka kwenye ubongo hadi moyoni, nayo ndiyo inayoutuliza moyo pumzi inapotoka.

Usiku lala chali, upitishe fikra mwilini, kuanzia vidole vya miguu hadi utosini, bila kurekebisha kitu. Huko Massachusetts, Marekani, Jon Kabat-Zinn alianza mwaka 1979 kuwafunza hivyo wagonjwa wenye maumivu sugu, wayatazame maumivu badala ya kupigana nayo.

Lakini hili nakusihi, usilipuuze. Ukifumba macho na ule usiku ukarudi, usijilazimishe. Fumbua macho, kamata ukingo wa kitanda, taja vitu unavyoviona: bidoni, daftari, kitenge. Mimi mwezi mzima wa kwanza sikuweza kufumba macho. Nilitazama tu mikono yangu juu ya mapaja, vidole vikitulia kimoja kimoja. Na usingizi ukizidi kukukimbia, tafuta mtaalamu wa saikolojia, mama. Kuna mambo ambayo pumzi peke yake haiyawezi, na sitaki uyabebe ukiwa huko mbali nami.

Sambaza, wale samaki wadogo, nimezikausha, zitakuja na boti ya Ijumaa. Jumapili ukinipigia, usianze na "niko muzuri". Anza kwa kuniambia mabega yako yako wapi.

Ni mimi mama yako.