Mhariri, ile fainali ya tano bila haikuuzwa

Mhariri, salamu kwako na kwa wasomaji wote wa ukurasa wa michezo. Mi nina banda la kuonyeshea mpira hapa Msamvu, Morogoro, banda la mabati na mabenchi ya mbao, na nimeamua kuandika kwa sababu kuna neno limenikaa kooni tangu usiku wa tarehe 31 Mei 2025 na mpaka leo halijatoka. Neno lenyewe ni "wameuza", yaani timu imekula hela ili ifungwe.

Siku ile ilikuwa fainali ya Ligi ya Mabingwa, PSG ya Ufaransa na Inter ya Italia pale Munich, huku kwetu mechi inaanza saa nne usiku. Banda limejaa mpaka watu wamekaa kwenye kreti za soda, kiingilio buku, yaani shilingi elfu moja. Dakika ya 12 Hakimi wa PSG kafunga, dakika ya 20 mwenzake Doué kaongeza, na hapohapo nikaanza kusikia minong'ono kule nyuma. Doué alipoweka la tatu dakika ya 63, kijana mmoja wa bodaboda akainuka, kanijia mpaka mezani kwangu mlangoni, kanyoosha mkono, "bro nirudishie buku yangu, hii sio fainali, hawa wameuza." Sio yeye peke yake, nyuma yake kulikuwa na wengine sita saba wanasubiri wasikie nitasemaje. Kvaratskhelia anafunga la nne dakika ya 73 mabenchi ya nyuma yako wazi kabisa. Mayulu anaweka la tano dakika ya 86 tumebaki kama watu ishirini.

Yule dogo sikumrudishia ila nilimkalisha tukaongea. Akanionyesha simu, mkeka wake wa kubeti una mechi nne, tatu zimetiki, imebaki hii moja ya PSG na Inter kaiwekea GG, kwamba timu zote mbili zitapata goli. Elfu ishirini, hesabu ya siku nzima, na Inter hawakupata hata moja. Asa hapo ndipo nilipoelewa hili neno linatokea wapi. Mtu akishaweka hela yake hatazami mpira tena, anatazama hela yake inavyoondoka, na kwa kuwa imeondoka lazima awepo mwizi. Simlaumu yule kijana, elfu ishirini kwa mtu wa bodaboda ni hela, ila nasikitika kwamba alikaa mbele ya mechi ile dakika zaidi ya sitini na hakuona kitu.

Na vitu vilikuwepo vya kuona jamani. Mpira wa kwanza kabisa, refa kapuliza tu, Vitinha wa PSG kaupiga mrefu ukatoka nje kule mbele karibu na kona ya Inter. Banda zima likacheka, "huyu vipi?" Kumbe wamefanya makusudi, wanataka Inter warushe wakiwa kwao ili wawabanie hukohuko, na kweli wakawabania. Halafu mtazame Dembélé wa PSG, kila kipa wa Inter, Sommer, akiuweka mpira chini apige goli kiki, Dembélé yuko ukingoni mwa boksi, kainama, miguu imekaa kama mkimbiaji wa mita mia anayesubiri bastola ilie, macho kwa kipa. Mshambuliaji nyota wa timu, msimu ule kafunga magoli mpaka tumechoka kuhesabu, anafanya kazi ile ya kukimbiza kipa kama mtoto wa akademi anayetafuta namba! Mi nilimwambia mzee mmoja anayekaaga benchi la mbele, mstaafu wa reli, nikamwambia mzee mtazame huyu, mzee akasema "nimemuona tangu dakika ya pili."

La kwanza Vitinha alipenyeza pasi katikati ya mabeki, Doué kageuka nayo ndani ya boksi, dogo wa miaka 19, angeweza kupiga mwenyewe aandikwe yeye, akamtengea Hakimi goli tupu. Hakimi hata hakushangilia, akainua mikono kuwaomba radhi mashabiki wa Inter kwa sababu alichezea kwao na ubingwa wa Italia wa 2021 alichukua nao. La pili ndio lililonimaliza. Inter wanadhani wamepata kona, Pacho wa PSG akauwahi mpira palepale mstarini ukabaki ndani, wakapandisha kaunta, shambulizi la haraka, Dembélé kutoka kushoto kauvusha mpaka upande wa pili kwa Doué, shuti likamgonga Dimarco wa Inter likabadili njia. Kutoka kona ya Inter mpaka goli la PSG, sekunde chache tu.

Sasa ukishakuwa nyuma mbili kwenye fainali unafanyaje? Lazima ufunguke, hakuna namna. Ukibaki nyuma umeshapoteza, ukipanda umeacha uwanja mzima mgongoni kwako, na Inter mabeki wao na viungo wao hawakuwa watoto, Acerbi alikuwa na miaka 37, Mkhitaryan 36, wanakimbizana na madogo wa miaka 19 na 20 wenye mapafu mapya. Tena hawa Inter ndio walewale waliomtoa Barcelona nusu fainali kwa jumla ya 7-6, mechi zilizotuweka roho juu wiki mbili mfululizo, na ubingwa wa Italia msimu ule waliukosa kwa pointi moja tu mbele ya Napoli. Walikuwa wamechoka na wamekutana na timu iliyokuwa kwenye siku yake. Ndio maana zikawa tano. Tangu fainali ya kwanza ya kombe hili mwaka 1956 hakuna aliyekuwa amewahi kushinda fainali kwa tofauti ya magoli matano, kwa hiyo wale waliotoka nje kwenda kuvuta hewa wamekosa kuona kitu ambacho baba zao hawakukiona.

Yule mzee wa reli alisema jambo nikalipenda. Alisema mwaka 1994 Barcelona ya kocha Cruyff ilipigwa nne bila na Milan pale Athens, na Milan hawakuwa na mabeki wao Baresi wala Costacurta, watu wote walijua Barcelona anabeba. Miaka zaidi ya thelathini imepita na bado watu wanaisimulia kama mechi ambayo Milan walicheza mpira mkubwa, hakuna anayesimulia kwamba Barcelona waliuza.

Siku chache baada ya fainali kocha wa Inter, Inzaghi, akaenda Al Hilal ya Saudia, basi hapa kijiweni ikawa ndio ushahidi, "si mmeona, akili yake ilishakuwa Saudia." Mwezi haujaisha Al Hilal hiyohiyo na kocha huyohuyo wakamtoa Manchester City kwa 4-3 kule Marekani kwenye Kombe la Dunia la Klabu. Nilipouliza vipi sasa, kijiwe kikabadilisha mada.

Halafu ikaja tarehe 13 Julai 2025. PSG haohao waliompiga Inter tano, wametoka kumpiga Real Madrid nne bila nusu fainali, wanacheza fainali ya Kombe hilohilo la Klabu na Chelsea, mikeka yote ya Msamvu imeandikwa PSG. Mapumziko ni tatu bila, Chelsea anaongoza! Cole Palmer mawili yanayofanana kama mapacha, mguu wa kushoto, mpira chini pembeni ya kipa, halafu akamtengea João Pedro akamchopia kipa Donnarumma. Chelsea walishaona kwamba beki wa kushoto wa PSG, Nuno Mendes, anapanda sana, wakawa wanapiga mipira mirefu nyuma yake, Gusto na Palmer wanaikuta nafasi iko wazi. Ni jambo la kuonekana kwa macho. Na bandani kwangu watu walewale, kwa sauti ileile, "hawa nao wameuza." Nikajisikia vibaya sana usiku ule Mhariri, nakwambia ukweli, kwa sababu nikaona sasa hakuna mtu atakayeshinda mechi kubwa mbele ya macho yetu tukampa haki yake.

Na hili linatuuma zaidi nyumbani. Mi ni Simba wa damu, tarehe 5 Novemba 2023 nilikuwepo kwa Mkapa, uwanjani Dar. Mpaka mapumziko ilikuwa 1-1, kipindi cha pili Yanga wakatuwekea manne, khamsa ikakamilika. Kwenye basi la kurudi Moro hakuna aliyezungumzia Maxi wa Yanga alivyokuwa anaingia katikati bila mtu wa kumkaba wala wenzake Aziz Ki na Pacôme walivyokuwa wanapokezana mipira, safari nzima ni nani kala hela, majina ya wachezaji wetu yanatajwa moja moja kama watuhumiwa. Mtu ambaye jana ulikuwa umevaa jezi yenye jina lake mgongoni! Wale wachezaji wana wazazi, wana watoto shuleni, na mtoto anaambiwa na wenzake baba yako kauza mechi. Kocha alifukuzwa wiki hiyohiyo, sawa, hayo ni mambo ya kazi. Lakini lile neno halikufukuzwa, bado linatembea, mtu akikosea pasi tu linarudi.

Sisemi kwamba rushwa haipo kwenye mpira, ipo, na wako waliofungiwa kwa ushahidi. Nasema wingi wa magoli peke yake sio ushahidi.

Turudi Munich kidogo maana kuna kitu wale waliodai buku zao hawakukiona na naumia kwa niaba yao. Filimbi ya mwisho imelia, mashabiki wa PSG wakafunua bango kubwa jukwaani, mchoro wa kocha wao Luis Enrique na mtoto wa kike wakisimika bendera ya PSG uwanjani. Yule mtoto ni Xana, binti yake, aliyefariki 2019 kwa saratani ya mifupa akiwa na miaka 9. Mwaka 2015 Luis Enrique alipobeba kombe hilihili na Barcelona kule Berlin, Xana ndiye aliyesimika bendera katikati ya uwanja, anakimbiakimbia na baba yake. Sasa baba kachukua tena, bendera ni nyingine, na mtoto yuko kwenye bango. Bandani kwangu hakukuwa na mtu anayesema kitu. Mzee wa reli alivua kofia akaishika mkononi. Mi nilishindwa hata kwenda kuzima jenereta.

Mhariri, gazeti lenu linasomwa sana hapa stendi, nakala moja inapita mikono kumi. Naomba kitu kimoja. Timu ikifungwa nne au tano, toleo la kesho yake mtupangie goli moja moja lilivyoanza, nani alipoteza mpira, nani hakurudi kukaba, nani alikimbia wapi, hata kwa kamchoro. Na kichwa cha habari msiandike "mashabiki wanahoji" kama hakuna mwenye ushahidi mkononi. Ukurasa huo mi nitaununua mwenyewe na nitaubandika mlangoni, palepale pembeni ya meza ninayokusanyia kiingilio, ili dogo akija kudai buku yake tusome wote wawili tukiwa tumesimama.

Mwenye banda la mpira,
Msamvu, Morogoro.