Shukrani kwa fundi aliyekuja kwa jirani

Kaka fundi, jina lako sikuuliza na namba yako sina. Nakushukuru hapa, huenda utasoma.

Kwa wiki tatu tulikuwa tunapigwa shoti: mlango wa friji, mashine ya kufulia, hadi bomba la bafuni. Fundi wa kwanza alisema friji limekufa, tununue jingine. Wewe ulikuwa unamaliza kazi kwa jirani hapa Tanga, ukamsikia mwanangu akipiga kelele, ukabisha hodi.

Friji hukuligusa. Ulipima kwenye soketi: laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro (unaourudisha) volti 230, laivu na ethi (waya wa usalama unaoingia ardhini) volti 110. Ukasema, "Dada, ethi yenu inaelea," yaani haijaungana na ardhi. Ukafukua nje kwenye nondo ya ethi, klampu (kibano kinachoshika waya) imeliwa na kutu, waya umeachia kabisa. Wengi wangeifunga upya wakaondoka. Wewe ulisema ethi iliyokatika haileti shoti peke yake, lazima kuna kifaa kinachovujisha umeme, na kwa kuwa vyuma vyote vimeungwa kwenye waya mmoja wa kijani na njano, ubovu wa kimoja unasambaa kwa vyote. Ukazima meni swichi, ukatenganisha kifaa kimoja kimoja ukipima, mpaka hita ya maji. Koili yake, ile inayopasha maji, ilikuwa imepasuka.

Ukafunga klampu mpya, ukapima tena, laivu na ethi ikarudi karibu 230. Friji letu linagandisha vizuri tu.

Ulikubali chai, basi. Mwanangu ana miaka 6, anaoga bafuni humo kila jioni. Mungu akulinde, kaka, huko darini unakopanda.