Walimu wenzangu mnaokaribia 55, msiandike barua ya kustaafu mkiwa na hasira

Wadogo zangu walimu, habari za kazi.

Mnisamehe naandika moyo wangu haujatulia. Juzi jioni nilikwenda kumsalimia mwenzetu mmoja tuliyemuaga mwaka jana, ile sherehe tulicheza mpaka saa nne usiku, walimu wote tukamchangia mabati 20. Nimemkuta bandani ameshika kopo la chakula cha kuku. Banda lilijengwa lichukue kuku 1000, waliomo hawafiki 300, na mabati yetu yale ndiyo paa la banda, moja bado lina maandishi ya rangi nyekundu "HONGERA MWALIMU". Mke wake akaleta chai ya rangi tukaongea habari za watoto tukacheka. Wakati naaga akanisindikiza mpaka barabarani, ndo pale akainamisha kichwa akaniomba laki mbili, ada ya mtoto aliyeko chuo. Mtu huyu nimefanya naye kazi miaka 19 na hajawahi kuniomba hata vocha.

Nafika nyumbani nakuta meseji za walimu watatu, wote swali moja, "mwalimu nikifikisha 55 nitoke au nisubiri 60?" Basi nawajibu wote hapa. Mwenzetu nimemuomba ruhusa, akasema andika tu, ila jina usitaje.

Sheria ya hapa kwetu Tanzania mnaijua, kustaafu na miaka 55 ni hiari na 60 ni lazima. Ile hiari ni haki yako na wala sipingi mtu kuitumia. Kinachoniuma ni sababu zinazowatoa watu. Huyu mwenzetu hakuchoka kufundisha, anaipenda hesabu mpaka leo, bandani kwake kuna ubao. Kilichomtoa ni mstari mwekundu. Aliletwa mkuu wa shule mpya, kijana, tena mwenzetu ndiye aliyewahi kumfundisha, na yule kijana asubuhi moja akapiga mstari mwekundu kwenye daftari la mahudhurio saa moja na nusu kamili, mwenzetu akafika saa moja na dakika thelathini na tano kwa sababu ya mvua, akasaini chini ya mstari mbele ya walimu wa ajira mpya. Alitetemeka siku nzima. Wiki ile ile akaandika barua ya kustaafu kwa hiari, hata mke wake hakumwambia, mama wa watu alikuja kusikia kwa mke wa mwalimu mwingine kanisani. Na mnajua nini? Miezi minne baadaye yule mkuu wa shule akahamishwa, mstari ule mwekundu uko kwenye daftari lililojaa vumbi stoo, wakati mwenzetu kibali kimeshatoka na hawezi tena kurudi kwenye ubao wake.

Jamani! Miaka 30 ya kazi unaimalizia kwa hasira ya dakika tano? Nimeona mwingine aliondoka kwa sababu alirukwa kupandishwa daraja, na mwingine kwa sababu ya kusimamishwa kwenye kikao na afisa elimu aliye umri wa mwanae. Yanauma, nami yamenipata, kuna mwaka nilidai malimbikizo mpaka nikachoka. Lakini mkubwa wako anayekuudhi huyo atahama, asipohama yeye utahama wewe, na kuomba uhamisho hakukugharimu pensheni. Ukiona mkono unawasha kuandika hiyo barua, andika, kisha iweke kabatini miezi mitatu. Baada ya hapo isome ukiwa umeshiba, umelala vizuri, na mwenza wako amekaa pembeni.

Haya, sasa hesabu, maana watu wanasikia "kiinua mgongo" wanaona mamilioni tu hewani. Tuchukue mwalimu aliyeanza kazi na miaka 25, na wastani wa mshahara wake wa mwezi unaotumika kwenye kikokotoo (ile kanuni ya kukokotoa mafao) ni 1,200,000. Kwa mwaka hiyo ni 14,400,000. Unazidisha kwa miezi aliyochangia, unagawa kwa 580. Akitoka na 55 ana miezi 360, unapata kama 8,937,000. Ukizidisha mara 12.5 halafu ukachukua 40% (hii ni kwa sisi tuliokuwa mifuko ya pensheni iliyokuwa inatoa 50% zamani, ilikuwa 33% tangu Julai 2022 ikapandishwa na bajeti ya 2024/25), mkononi anapata kama milioni 44.7, na ile 60% iliyobaki ya 8,937,000, ukiigawa kwa miezi 12, ndiyo pensheni ya kila mwezi, kama 447,000. Akisubiri mpaka 60 kwa mshahara ule ule bila hata kupanda, ana miezi 420, anapata kama milioni 52.1 na pensheni ya 521,000 kila mwezi mpaka anakufa. Na hapo katikati amekula mshahara miaka mitano, miezi 60, sijui kama kuna biashara ya kuku inayokupa hiyo.

Halafu toa deni. Mwenzetu naye alitarajia kama hizo hizo milioni 44, ila alikuwa na mkopo wa benki umebaki milioni 13, zikakatwa zote kwenye mafao, kwa hiyo zile 44 alizokuwa anazihesabu kichwani kila siku zikawa 31 na kitu. Ndani ya hizo 31 akajenga banda, akanunua vifaranga 1000 kwa mpigo, mtu ambaye maisha yake yote amefuga kuku kumi na mbili wa kienyeji. Kuku wa mayai anakula kama miezi mitano kabla hajatoa yai la kwanza! Wakikomaa, kuku 1000 wanamaliza zaidi ya mifuko miwili ya kilo 50 kwa siku, kwa siku nasema, sio kwa wiki. Kuku walipofika mwezi wa nne chanjo ya kideri, ule ugonjwa unaoua kuku, ikapitwa kwa sababu alikuwa mjini siku tatu anafuatilia hela yake ya mstaafu ya kusafirisha mizigo ambayo hajalipwa mpaka leo, akarudi kakuta wanapinda shingo. Aliniambia walikuwa wanakufa 40, 50, kwa siku, anawafukia usiku majirani wasione.

Mtu angemwambia aanze na kuku 100 akiwa bado kazini, hasara hiyo angeipata ndogo, mshahara ukamfuta machozi. Ndiyo maana nasema biashara ya kustaafia ianze miaka mitatu kabla, kiinua mgongo kije kuikuza tu. Na jingine, ukiwa bado kazini jaribu kuishi kwa hela ya pensheni tu. Hizo 447,000 zitenge, nyingine iweke akaunti usiyoigusa, fanya hivyo miezi sita pamoja na familia yako. Nyumba ikisimama, una jibu. Ikiyumba, pia una jibu.

Mengine nayataja kwa haraka. Nyumba iwe imeezekwa. Mikopo iishe, na ile ya kausha damu, ya mitaani yenye riba kubwa, usiguse kabisa. Kagua faili lako: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, ya kupanda daraja, majina yafanane kila mahali. Kumbuka bima ya afya ya mstaafu ni ya kwako na mwenza, watoto wanatoka. Anayekupigia simu kwamba mafao yako yamekwama tuma kidogo yatoke ni tapeli, kata simu.

Na sisi jamii tuna dhambi hapa. Mtu akistaafu tu ndugu wanaanza kuhesabu hela yake kabla haijaingia, huyu harusi, huyu pikipiki, mtoto wa miaka 32 anataka mtaji. Ofisi zetu nazo zinamwagia mwalimu sifa siku ya kumuaga, kesho yake akienda kuulizia haki yake anaambiwa njoo wiki ijayo, anaambiwa hivyo mwaka mzima na mtu aliyekula keki yake. Ni aibu.

Msidhani nawazuia. Mimi mwenyewe nilitoka na 58, mke wangu alikatwa mguu kwa sababu ya kisukari na hakukuwa na wa kumuinua asubuhi. Deni sikuwa nalo, shamba la mpunga lilikuwa na miaka sita, watoto walishamaliza. Tulikaa pamoja mwaka mmoja na nusu mpaka Mungu alipomchukua, na siku zile sizijutii hata moja.

Jumamosi hii kuanzia saa kumi jioni nipo nyumbani. Anayetaka aje na slipu ya mshahara, karatasi za mikopo yake yote, na aje na mwenza wake. Mwenzetu naye nimemwambia aje, laki mbili nitampa, ila aje na daftari la banda tuone hao kuku waliobaki wanatoa treyi ngapi na wanakula kiasi gani, tujue kama awaendeleze au awauze mapema kabla chakula hakijammalizia kilichobaki.