Dada, magemu uliyoyaulizia ni haya

Dada yangu,

Mwanao alinipigia Jumatano baada ya isha. Salamu zilikuwa ndefu kuliko kawaida yake, nikajua katumwa. Mwisho akasema, "Mama mdogo, yale magemu uliyokuwa unacheza ulipomuuguza Bibi ni yapi? Mama halali usiku." Nikamwambia nitamwandikia. Nimekaa kuandika nikaona ninayemwandikia si yeye, ni wewe. Na nakuandikia hapa mbele za watu kwa sababu na wewe yale maneno ya kunilaumu kwa magemu uliyasema mbele za watu.

Kwanza pole. Pole sana kwa shemeji. Nimeambiwa ni kiharusi, kimempooza upande wa kulia na kauli imekwama, vile vile kama Mama. Shemeji ndiye aliyenishikia baiskeli mpaka nikajua kuendesha, na kila nikikumbuka yuko kitandani anasubiri kulishwa uji, kifua kinanibana. Mgeuze kila baada ya saa mbili, usiku pia, hata akinuna. Mwangalie visigino na pale juu ya makalio, ngozi ikibadilika rangi au ikawa na joto, usimlaze upande huo mpaka itulie. Akinywa kitu mkalishe, asinywe chali. Haya nimeyajua kwa miaka miwili na miezi minne, nakupa bure.

Sasa magemu. Usichukue gemu linalokukimbiza. Wajukuu watakuwekea Subway Surfers, yule mtoto anayekimbia kwenye reli na polisi nyuma yake. Ni zuri, lakini ukiondoa macho kidogo tu umegonga treni. Chumba cha mgonjwa kinataka gemu linalokungoja. Akikohoa unaweka simu chini hapo hapo, unamfuta, unambadilisha shuka, unarudi baada ya dakika arobaini unalikuta palepale ulipoliacha. Tena liwe linachezeka bila data, bila sauti, na kwa mkono mmoja, kwa sababu mkono wa pili utakuwa umeshikwa.

Anza na 2048. Ni vyumba kumi na sita, vinne kwa vinne, na namba ndani yake. Unatelezesha kidole, namba zote zinakwenda upande huo, mbili zinazofanana zikigusana zinakuwa moja: 2 na 2 ni 4, 4 na 4 ni 8, mpaka ufike 2048 ukijaliwa. Siri yake ni kona. Chagua kona moja, namba kubwa iweke hapo, usiitoe. Mimi natumia ya chini kushoto, na kidole changu kinakwenda kushoto na chini tu, kulia nikibanwa, juu kamwe. Usiku wa manane akili haitaki zaidi ya hapo. Alilitengeneza kijana wa Kiitaliano, Gabriele Cirulli, mwaka 2014, akiwa na miaka 19, kwa wikiendi moja, akaliachia bure na namna lilivyoandikwa kila mtu aione. Ndiyo maana nakala zake ni chungu nzima. Chukua ndogo, isiyoomba kusoma majina yaliyomo kwenye simu yako. Ukishalizoea tafuta Threes, lililotangulia mwezi mmoja tu kabla yake na ndilo wengi waliloliiga. Waliolitengeneza walilihangaikia zaidi ya mwaka, na ukilishika unaona. Ni gumu zaidi, na lina adabu zaidi.

Usije ukasema hujui magemu. Ile Nokia 3310 ya Baba, yenye gemu la nyoka, tulikuwa tunanyang'anyana chini ya chandarua, na wewe nyoka wako alikuwa anafika mbali kuliko wangu kwa sababu ulikuwa na subira ya kuzunguka ukuta mzima kabla ya kula. Baba alikuwa anajua. Asubuhi anakuta chaji imeisha, anakuangalia wewe, halafu ananichapa mimi. Nyoka yule alianzia kwenye Nokia 6110, mwaka 1997, aliandikwa na mhandisi mmoja wa Finland, Taneli Armanto. Nakutajia jina lake kwa sababu siku ile ulisema haya ni mambo ya watu wasio na kazi. Ilikuwa kazi ya mtu, Dada, na sisi wawili tulilala usingizi mzuri kwa ajili yake.

Siku ile. Nilijiambia sitaigusa, lakini siwezi kupita.

Ulifika saa tisa alasiri, na vumbi la safari, mikoba bado mkononi. Ndani walikuwepo Mama Mkubwa, mke wa Mjomba, na wale majirani wawili waliokuja kusoma Yasini. Mimi nilikuwa kwenye kigoda, kichwani kwa Mama, simu mkononi. Hukunisalimia. Ulisimama mlangoni ukawaangalia wao, ukasema, "Mama anakata roho, yeye anacheza gemu." Hukuniambia mimi. Uliwaambia wao. Mke wa Mjomba akashusha macho kwenye msahafu. Nilitaka kuinuka nikashindwa, maana Mama alikuwa ameshika upindo wa kanga yangu na sikutaka kuuvuta.

Alfajiri ya Alhamisi Mama akaondoka. Siku ya arobaini, watu wanakula pilau, nikawasikia jikoni wanalirudia neno lako, na safari hii lilikuwa limeongezwa chumvi.

Daftari ninalo mpaka leo, lile la jalada la bluu. Ukurasa wa siku ile umeandikwa: saa nane, kushoto. Chini yake, saa kumi, mgongo. Ulipofika ilikuwa katikati. Simu ile ndiyo iliyokuwa inalia kila baada ya saa mbili, ndiyo iliyokuwa tochi umeme ukikatika, ndiyo niliyokutumia ujumbe wa kukuita. Ningeiweka wapi? Kwa miaka miwili na miezi minne ulikuja mara tatu, Dada. Nashukuru pesa ulizotuma, hazikuchelewa hata mwezi mmoja, na nimeshawaambia wote waliotaka kukusema kwamba pampasi na dawa zilitoka kwako. Lakini pesa haikeshi na mgonjwa.

Na mnaosoma ambao si wa ukoo wetu, niwieni radhi. Narudi kwenye magemu.

Liko Monument Valley. Hili linauzwa. Mimi nilililipia mara moja, chini ya dola tano, kijana wangu akanilipia kwa kadi yake, na tangu hapo halijaniomba hata senti. Lilitengenezwa London mwaka 2014, na majumba yake yanafuata michoro ya Escher, yule Mholanzi aliyechora ngazi zinazopanda na kushuka kwa wakati mmoja. Kuna binti mdogo aliyevaa nyeupe, Ida, mwenye kofia iliyochongoka. Unamgusia pa kwenda, anakwenda. Njia ikikatika, unashika mkono wa mnara kwa kidole unauzungusha, na vipande viwili vilivyokuwa mbali kabisa, ukivitazama kutoka upande mwingine, vinakutana na anapita juu yake. Hakuna saa inayohesabu. Hafi. Binti karudi kuomba radhi, na magofuni wamejaa kunguru wanaomzuia njia na kumpigia kelele.

Mama alikuwa anawapenda wale kunguru. Hili hulijui, sikuwahi kupewa nafasi ya kukwambia. Mwaka wa pili, mkono wake wa kulia ulipopata nguvu kidogo, nilikuwa naegemeza simu kwenye mto, namwekea kidole kwenye ule mkono wa mnara, na anauzungusha mwenyewe. Kidole cha shahada, kucha ina hina niliyompaka Ijumaa. Kinateleza, kinatoka, anarudisha. Jumba likigeuka na njia ikaunga, anatoa ile sauti yake, "eh," ambayo ndiyo ilikuwa imebaki katika maneno yote aliyokuwa nayo. Kunguru akilia anacheka, upande mmoja wa mdomo, kama alivyokuwa akiwacheka wa kwenye mwembe wetu walipoiba sabuni. Mwekee shemeji. Usimharakishe, na usimmalizie.

Mini Metro nalo lina nafasi yake, la kutoka New Zealand. Unachora njia za treni za mji, London, Paris, Cairo, kwa mistari ya rangi, na abiria wanajazana vituoni. Unaweza kulisimamisha ukapanga, ndiyo sababu nalitaja, lakini zito kidogo kwa usiku. La kilimo, Stardew Valley, liweke mpaka shemeji aanze kukaa mwenyewe. Alilifanya mtu mmoja, Eric Barone, peke yake, zaidi ya miaka minne, michoro yake na muziki wake, likatoka 2016. Unarithi shamba la babu, unang'oa visiki, unapanda, unamwagilia kila asubuhi. Mimi nililipanda lote nikiwa na shamba la Mama la Muheza kichwani, lile mlilouza mkanijulisha baadaye. Haya, tuliache.

Drafti unaijua, na bao aulizwe shemeji mwenyewe, mpaka leo sijaona simu inayokutazama usoni ukikosea kutakata, yaani kucheza bila kula, kama alivyokuwa anatutazama Baba.

Mwanao aliniuliza pia kama akununulie kile kifaa cha mkononi cha kuchezea magemu, Nintendo Switch au Steam Deck. Vizuri vyote, ila Switch ni kama gramu mia nne na Steam Deck inakaribia mia saba, na vyote vinataka mikono miwili. Ukisinzia kitakuangukia usoni au kitamwangukia yeye. Simu yako inatosha.

Candy Crush kila mtu atakupa. Lielewe kabla hujaingia. Una roho tano, ukikosea moja inakwenda, na kila moja inarudi baada ya nusu saa. Usipotaka kungoja, unalipa au unawasumbua ndugu wakutumie. Limepangwa hivyo tangu 2012, nusu saa ile imewekwa ili uikumbuke. Na kwenye Play Store ingia kwenye mipangilio, uweke nywila iombwe kila ununuzi, maana wajukuu wana vidole vyepesi. Data izime unapocheza, matangazo mengi yatakoma.

Kuna moja sitalitaja jina. Hili sijamwambia mtu.

Mwaka wa kwanza, nilikuwa na gemu lenye zawadi inayotolewa kwa saa maalumu. Ukikosa dakika zile, siku zote ulizojikusanyia zinafutika unaanza upya. Usiku mmoja wa masika simu ililia saa nane ya kugeuza, na zawadi ilikuwa inahesabu, nikaizima kengele nikasema namaliza hii tu. Nilipoinua macho ilikuwa saa tisa na dakika kumi. Mama alikuwa macho. Ananiangalia, hakutoa sauti yoyote. Kisigino cha kushoto kilikuwa na doa kama sarafu, lina moto. Kilichukua wiki sita kupona, wiki sita za kuosha na kuinua mguu kwenye mto, na wewe ulipopiga nikakwambia ni shuka lilimkwaruza.

Nililifuta usiku ule ule. Tangu hapo sikuchelewa hata mara moja, daftari linaonyesha, na lile doa nililiandika pia, tarehe na saa. Kwa hiyo ulipolisema neno lile mlangoni, Dada, halikunikuta mikono mitupu. Ulisema uongo kuhusu siku ile, na ulisema kweli kuhusu usiku ambao hukuwepo. Ndiyo maana sikujibu. Ndiyo maana nimekaa miaka hii yote sikupigii, na najua wewe umedhani ni kiburi. Ungekuwepo ungenipokea zamu, nisingefika usiku ule nikiwa sijalala siku tatu. Bado nasema hivyo. Lakini kengele niliizima mimi.

Tafuta mtu wa kukupokea zamu. Usione aibu kumwita hata jirani, saa mbili tu ulale. Ukikosa, niite mimi. Kazi yangu inaniruhusu kuanzia mwisho wa mwezi, naweza kuja wiki mbili, na kumgeuza mwanamume mzima peke yako utaumia mgongo, kuna namna ya kutumia shuka nitakuonyesha.

Simu ya zamani nimempa mwanao aje nayo Jumamosi, nimeifunga ndani ya kanga ya Mama ile ya kijani. Namba ya kufungulia ni mwaka aliozaliwa Baba. Chaja yake ni ya tundu la zamani, mwambie asisahau. Monument Valley liko ukurasa wa kwanza, chini kulia. Liko sura ya saba, Ida kasimama, na jumba limegeuzwa nusu. Mama ndiye aliyeligeuza. Mimi sijaweza kuligusa. Mpe shemeji aendelee kutoka hapo.

Mdogo wako.