Barua kwa somo yangu: suruali ya fundi vigae

Mwananyamala, Dar es Salaam

Somo yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima, wewe na wote hapo nyumbani, na mama naye miguu imempa nafuu. Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila joto limeanza kutuonjesha. Nimekukalia kimya tangu Idi kubwa, na unajua si kawaida yangu. Nina kazi ya cherehani iliyoniganda kichwani nikajisemea sitamwandikia somo mpaka niimalize. Sijaimaliza. Imefika mahali inataka mkono wako wa ufundi ngozi, ndiyo maana naandika.

Unamkumbuka mdogo wangu, yule aliyetupokea bandarini siku ile ya mvua akatubebea mizigo yote peke yake? Huu ni mwaka wake wa tisa katika ufundi vigae. Mwezi wa saba alikuja hapa kula, akashindwa kukaa mkekani. Alikula amesimama, sahani mkononi, ameegemea mlango. Nikamwambia hebu nione. Akapandisha suruali: mbele ya pia ya goti la kulia kuna uvimbe kama yai la kanga, laini, ukiubonyeza unacheza. Daktari alimweleza kwamba kati ya ngozi na pia ya goti kuna kifuko kidogo cha majimaji kinachoifanya ngozi iteleze vizuri, na mtu akipiga goti kwenye zege kila siku, kifuko kile hukasirika kikajaa. Akaambiwa apumzike. Sasa, somo, kibarua apumzike vipi? Aliyempa kazi, simtaji, alimjibu kwamba magoti ni yake mwenyewe. Sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ipo tangu 2003, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi vifaa vya kujikinga. Lakini mtu anayelipwa kwa mita ya mraba, leo yuko Mbezi, kesho Kigamboni, atamshika nani?

Nilikosa la kumwambia. Nikatoa tepu, nikaanza kumpima.

Usidhani hakuwa na kinga kabisa. Alikuwa na zile pedi za kufunga kwa mikanda nyuma ya goti. Anasema mkanda unamkata pale kwenye mkunjo, jasho linachoma, ukiulegeza pedi inashuka, na ikifika saa nne asubuhi anazitupa pembeni. Wenzake wote ndivyo wanavyofanya. Nikaenda Karume kwenye mitumba, nikachakura mpaka nikapata suruali ya kazi ya Ulaya, nzito, ina mifuko mbele ya magoti ya kuingizia pedi. Kwenye lebo kuna namba EN 14404, ndicho kipimo chao cha kinga za magoti: zile za kufunga mguuni ni aina ya 1, za kuingia kwenye mfuko wa suruali ni aina ya 2. Nilikaa nayo siku mbili nikaifumua mshono baada ya mshono kwa wembe, nikatandaza vipande mezani kama mtu anayesoma. Yangu haijapimwa na mtu yeyote, kwa hiyo siwezi kuishonea namba ile hata wateja wakiniomba, na wameshaniomba. Ila namna ya kuikata nimeielewa.

Kitambaa nimetumia drili ya pamba, maana ukimvika mtu nailoni tupu kwa joto letu hili utamwua. Magotini tu ndiyo nimetia kile kitambaa kizito cha mabegi, kwa kuwa gundi ya vigae na maji ya saruji hupenya pamba yakaunguza ngozi. Mdogo wangu ana mabaka meupe magotini yaliyoanza hivyo hivyo. Pedi nimekata kwenye ule mpira wa kutengenezea ndala, unene sentimita 2. Mdomo wa mfuko nimeuweka chini, si juu. Mwanzo niliuweka juu kwa kuwa ni rahisi kushona, na siku ya kwanza tu mfuko ukajaa mchanga na vipande vya vigae, akawa anapigia goti changarawe. Ukiwa chini, uchafu unajidondokea wenyewe.

Halafu kipimo. Kwa miaka yote hii ya cherehani nimempima mtu amesimama. Safari hii nilimpigisha magoti hapa sebuleni, mwiko mkononi, nikamwambia fanya kama uko kazini. Somo, nguo inatembea! Goti likikunjwa suruali inavutwa juu kwenye paja, na mwili wenyewe hauelemei katikati ya pia, unaelemea chini yake kidogo. Nikaushusha mfuko sentimita 4 kuliko pale ambapo jicho lingesema ndipo, nikapiga vifinyo viwili kila upande wa goti ili mguu wa suruali ukae umepinda kidogo hata ukiwa umeanikwa kambani. Nyuma nako, akiinama mgongo unarefuka, kiuno kinabaki wazi. Nikapandisha kiuno cha nyuma sentimita 7.

Nikaamini nimemaliza. Akaenda nayo kazini, jioni ananiambia pedi haikai. Kesho yake nikamfuata huko huko, nikamchorea mstari wa chaki gotini asubuhi, nikakaa kwenye mfuko wa saruji nikimwangalia. Ilipoadhiniwa adhuhuri mstari umeshuka vidole vinne. Pedi iko kwenye muundi. Mkanda wa kiunoni alikuwa ameukaza mpaka umemwachia alama tumboni, lakini mtu anayepiga goti na kuinuka mara mia, mifukoni ana penseli, futi na vipande vya kutenganishia vigae, suruali lazima iteleze. Na ukiukaza mkanda zaidi, atapumua wapi akiinama?

Ndipo nikajua kwamba pedi ya goti inashikiliwa na bega. Usinishangae. Goti halina mahali pa kuning'iniza kitu, kiuno kinateleza, bega halitelezi. Nikamshonea mikanda ya mabegani, saspenda, kama za waimbaji wa taarabu wa zamani. Vipande viwili vinatoka mbele, vinakutana katikati ya mgongo, vinashuka kimoja mpaka kiunoni. Kile cha nyuma nimekitia mpira, kinarefuka akiinama na kurudi akiinuka. Nikachora tena mstari wa chaki. Mpaka saa kumi na moja jioni ulikuwa palepale. Nilitaka kulia, wallahi.

Sasa sikia kosa langu, maana ndilo lililoleta barua hii.

Mbele niliweka klipu za kubana, nyuma nikaishona mikanda kwenye suruali moja kwa moja. Niliona nimefanya la maana, mikanda haitapotea. Jumamosi moja, saa nane mchana, jua la kupasua kichwa, mdogo wangu akaachia klipu za mbele, akavua shati, mikanda akaiacha ining'inie ubavuni. Akachuchumaa kukata kigae kwa grainda. Diski ikaudaka mkanda wa kushoto. Ilikuwa kitambo cha kupepesa jicho: mkanda umekatika vipande viwili, grainda imemruka mkononi imetua kwenye rundo la vigae, inazunguka peke yake mpaka mwenzake alipochomoa waya. Mungu ni mkubwa, hakuguswa. Kile kipande ninacho hapa mezani, sitaki kukitupa. Mwisho wake umeyeyuka ukawa mgumu kama ukucha, na ndani yake kuna vumbi la kigae limegandia humo.

Wiki nzima sikushika cherehani. Nilikuwa nimeshona kitu cha kumkinga goti kikakaribia kumpeleka kwenye diski.

Nilipokaa tena, nilianza na neno moja: mkanda ukiwa mwilini uwe umekazwa, usipokazwa usiwe mwilini. Hakuna kuning'inia. Kwa hiyo unatoka wote, mbele na nyuma, mkia wa kurekebishia urefu umefichwa ndani ya mkunjo wa utepe, na bizimu iko mgongoni mbali na mikono. Klipu nimeachana nazo. Zinatafuna drili, na zikiingia vumbi la saruji hazibani tena. Nimerudi kwenye vifungo, sita: viwili kila upande mbele, viwili nyuma, vimeshonwa ndani ya kiuno ili akivua mikanda suruali iwe suruali tu. Anapanda daladala kama watu wengine, amevaa mkanda wake wa kawaida kwenye lupu, vile vitanzi vya kiunoni. Vifungo ni vya plastiki na nimevishona kwa uzi wa mikunjo minne, sikuzidisha. Mkanda ukinaswa, nataka kifungo king'oke mtu abaki.

Kuna faida nyingine nilikuwa sikuifikiria. Mpira hufa upesi, na kwa jua letu na sabuni ya unga mikanda itachoka suruali ingali nzima. Ukiwa unatoka, unabadilisha mkanda peke yake.

Binti yangu alinisomea kwenye simu habari zilizonikaa moyoni. Zile jinzi za Levi's, asili yake ni fundi cherehani kama mimi, Jacob Davis, wa mji wa Reno huko Nevada, Marekani. Mke wa mkata kuni alimwendea akitaka suruali isiyochanika ya mumewe, naye akapigilia ribiti za shaba, vile vishikizo vidogo vya kugongelea, kwenye pembe za mifuko. Akamwandikia Levi Strauss, aliyekuwa akimuuzia kitambaa, wakapata hataza, yaani haki ya serikali ya kumiliki uvumbuzi, pamoja tarehe 20 Mei 1873. Suruali zile zilikuwa za vifungo vya saspenda, lupu za mkanda zikaja 1922, na vifungo vikaondolewa 1937. Yaani kwa miaka 15 suruali ya kazi ilikuwa na vyote viwili, mwenye kuvaa anachagua. Hicho ndicho ninachokirudisha. Mwaka huo huo wa 1937 walizifunika ribiti za mifuko ya nyuma kwa sababu zilikuwa zinakwaruza viti na matandiko ya farasi. Niliposikia hivyo nikazitoa ribiti zote nilizokuwa nimezitia mimi, nikashindilia mshono wa kwenda na kurudi badala yake. Fundi vigae akikwaruza malumalu ya mtu kwa suruali atailipa kwa posho yake.

Na mwandishi Mark Twain, kwa jina lake halisi Samuel Clemens, naye alipata hataza tarehe 19 Desemba 1871 ya mikanda ya nguo ya kurefusha na kufupisha, tena ya kutoa. Ya kutoa, somo. Miaka mia na hamsini iliyopita kuna mtu alikaa akafikiria kile kile.

Basi, ombi langu. Mwisho wa kila mkanda nataka ulimi wa ngozi wenye umbo la V iliyopinduliwa, masikio mawili, kila sikio na tundu la kifungo. Nimejaribu kutumia utepe, tundu linapanuka wiki ya pili. Nimejaribu ngozi ya mabegi ya mtumba, inabanduka tabaka. Nikayakumbuka makubadhi ya marehemu baba yako, yale niliyovaa siku ya harusi yako na bado ninayo, kamba ya kidole haijalegea mpaka leo. Mkono ule amekuachia wewe.

Kila suruali ina ndimi 3. Nimepata watu 12, wote wenzake mdogo wangu, kwa hiyo ni 36. Nimekuchorea patani kwenye karatasi ya kaki, iko humu ndani. Tundu liwe kama la ufunguo, duara kwanza halafu mpasuko, usiufikishe mwisho wa sikio. Unene nimefikiria milimita 2, ila ukiona vingine fuata unavyoona wewe. Ninachokuuliza hasa ni ngozi gani itavumilia maji ya saruji. Najua ile iliyotengenezwa kwa maji ya magome ya miti ukiilowesha na kuianika inakakamaa, na hawa wanalowa kila siku. Ikiwa inataka mafuta, niambie mafuta gani na kila baada ya muda gani, nitawaandikia kwenye kikaratasi nikishonee ndani ya kiuno.

Bei usinifanyie ya udugu. Wamechanga wenyewe, kila mmoja ametoa nusu, nusu watamalizia wakipokea. Nimewaambia ngozi inatoka Unguja, kwa mtu anayejua, nao wakakubali bila kubishana. Ukianza na seti moja tu ya majaribio itakuwa vizuri zaidi, mdogo wangu aivae wiki mbili kabla hujakata zote. Ifunge uiweke kwenye boti, nipigie tu uniambie ni ya saa ngapi, nitakuwa pale getini.

Goti lake limepungua. Bado hakai mkekani, lakini juzi alikaa kwenye kigoda mpaka tukamaliza chai.

Nisalimie mama sana, na watoto, na jirani yako wa mandazi. Mwambie mwanao yale madaftari nimeshayanunua, yatakuja na mtu mwezi ujao.

Ni mimi somo yako.

Tena: nimekutilia kifungo kimoja ndani ya bahasha, kimefungwa kwenye kitambaa. Kata tundu kwa kipimo cha hicho hicho, lisiwe kubwa. Kiingie kwa kusukuma kwa kidole gumba.